Amortisa za nyuma za pikipiki nzee: angalia tundu kabla ya resori

Malalamiko yanayonijia kuhusu amortisa za nyuma, zile wengine wanaziita shokapu, ni ya aina moja. Mtu ameenda Birere, hapa Goma, amenunua jozi mpya, amefungiwa palepale kando ya barabara, na mwezi haujaisha mafuta yanateremka kwenye tiji, ile fimbo ya chuma inayong'aa. Msomaji mmoja wa Ndosho ameshabadilisha jozi mbili kwenye TVS yake ya zamani, na mara zote mbili iliyovuja ni ya kushoto. Mwingine wa Majengo ana Boxer. Kwake ni ya kulia, tena na tena. Wote wawili wanalaumu Wachina.

Amortisa haijui kushoto wala kulia. Ikivuja upande uleule kila mara, ugonjwa uko kwenye pikipiki yenyewe, na jozi ya tatu itaenda njia ya zile mbili. Ndiyo maana leo siongelei rangi, wala kama resori (springi) ni ngumu au laini. Muuzaji atakueleza hayo hata kama hujamuuliza. Ninaongelea tundu la kufungia, ambalo hakuna anayelitazama dukani.

Resori inabeba uzito. Mafuta ya ndani, yakilazimishwa kupita kwenye vitundu vya pistoni, yanaizuia resori isikurushe baada ya shimo. Tiji ndiyo inayoingia na kutoka kwenye mafuta hayo, na spi, yaani sili ya mpira, inaziba mlango wake. Spi inataka tiji iende wima, katikati, bila kuegemea popote. Sasa tazama ncha za amortisa, juu na chini: kuna tundu, ndani ya tundu kuna silenbloki, yaani bushi ya mpira, ndani ya mpira kuna kibomba cha chuma, na ndani ya kibomba kinapita kishikizo, kile chuma cha pikipiki kinachoishika amortisa. Kibomba kikiwa kipana kuliko kishikizo, hata kwa milimita 1, amortisa nzima inagonga na kuegemea upande kila unaporuka jiwe. Spi inaanza kulika ubavu mmoja. Vumbi letu jeusi la lava linapenya hapohapo na kuikwangua kromi ya tiji kama msasa. Kinachoonekana baadaye ni mafuta, basi watu wanasema spi ilikuwa mbovu.

Kwa pikipiki nzee ni mbaya zaidi, kwa sababu kishikizo chenyewe kimeshalika. Kimebeba abiria wawili na magunia ya makala kwa miaka, kwenye mitaa ambayo lava ya Nyiragongo ya 2002 bado imetokeza mgongo, na hakiko mviringo tena. Fundi analijua hilo. Dawa yake ni hii: anachukua kopo la soda, anakata ukanda kwa mkasi, anauviringisha kwenye kishikizo, kisha anagonga amortisa mpya kwa nyundo mpaka iingie. Wengine wanatumia mpira wa chemba ya ndani. Siku hiyo pikipiki inatulia kweli, unamlipa na kumshukuru. Mvua mbili tatu zikipita, bati la kopo limesagika na mchezo umerudi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda ni bushi za ule mkono mrefu unaobeba gurudumu, wala hudaiwi amortisa. Lisipocheza, fungua amortisa, kisha pitisha kidole kwenye vishikizo vyote vinne. Ukigusa ngazi, yaani mahali chuma kimezama, anza na hapo.

Sasa ubora, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Gabriel, na sifichi upendeleo. Ni kampuni ya India, iko kazini tangu 1961, na inawatengenezea TVS wenyewe, kwa hiyo kwa mwenye HLX au Star ni kama kurudisha kitu nyumbani kwake. Lakini sizipendi kwa ajili ya jina. Jozi nilizozishika zina silenbloki iliyobanwa vizuri, haizunguki ukiisukuma kwa kidole gumba, na kibomba kinatokeza kidogo nje ya mpira pande zote mbili. Hicho kitu kidogo ndicho kinachonifanya nilipe. Ukikaza ekru (nati), inabana kibomba, na mpira unabaki huru kujipinda. Kibomba kikiwa kifupi, ekru inaukandamiza mpira, amortisa inakakamaa, na tiji inapindishwa kila gurudumu linapopanda. Hata amortisa yenye mafuta mazuri kabisa haivumilii hilo.

Ya pili ni zile za sanduku la Bajaj, kwa wenye Boxer. Zina resori ndani ya resori, ile wanayoiita SNS, na kwa anayebeba mizigo kuelekea Sake au Kibumba zinastahili bei yake. Kama una BM 150, kwako ndizo namba moja, usibishane nami. Kama una TVS, usizilazimishe kabla ya kulinganisha tundu na urefu.

YSS za Thailand nimeziweka ya tatu, ingawa kwa ufundi zinazipita hizo mbili. Aina zao nyingi zinafunguka, spi inabadilishwa, mafuta yanabadilishwa, amortisa inaendelea. Zile za kawaida za TVS na Boxer zimefungwa kiwandani kwa kukunjwa chuma, hazikuumbwa kufunguliwa. Ila YSS ni ya kuagiza, na mpaka ivuke mpaka imeshakula nusu ya thamani ya pikipiki yako. Mwenye Honda au Suzuki ya zamani yenye amortisa mbili, anayeipenda kwa moyo, aagize. Mwingine asijitese.

Wenye Yamaha DT 125, zile zilizowahi kuwa za mashirika, wana shauri lao. Hiyo ina amortisa moja katikati, na ndani yake kuna gesi ya nitrojeni yenye shinikizo. Fundi akikuambia ataitoboa, aongeze mafuta, kisha aichomelee, chukua amortisa yako uondoke. Inaweza kumlipukia usoni. Hata zile za kawaida, ukimruhusu atie mafuta ya injini, unapata kitu kizito ambacho hakirudi vizuri.

Za okazi, yaani zilizokwisha kutumika, zinafaa tu kama tiji ni safi. Pitisha ukucha kutoka juu hadi chini. Ukikwama kwenye kitundu cha kutu, iache.

Na zile zisizo na jina, zenye kichupa cha rangi ya dhahabu ubavuni: nyingi kichupa hicho ni urembo, ndani hamna kitu. Tuendelee.

Dukani, nenda na amortisa zako za zamani hata kama zimelowa mafuta. Ziweke sambamba na mpya, pitisha bulo (bolti) moja ndefu kwenye matundu ya juu ya zote mbili, kisha tazama chini. Matundu yasipolingana, urefu si mmoja. Ndefu zaidi inavuruga kukaza kwa cheni, fupi zaidi inaigonga magadi (madigadi) kwenye tairi ukibeba watu. Kipenyo nacho kinadanganya, kwa maana tundu la milimita 10 na la 12 kwa macho ni ndugu. Chukua mfukoni bulo yenye unene wa kishikizo chako, ujaribishe. Nunua jozi, kamwe usinunue moja. Zikishafungwa, weka ngazi za kukazia resori sawa pande zote mbili, bonyeza kiti kwa nguvu, uachie. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia.

Shida ni kwamba dukani hawakuruhusu. Amortisa imefungwa kwenye plastiki, na sheria ya duka ni kwamba ukifungua umenunua. "Mama, hii ni orijinali, nakuapia," na ukiomba kupitisha bulo tu kwenye tundu, unaonekana mgomvi. Duka moja walinipa jozi ambayo kushoto ilikuwa ya sanduku moja na kulia ya sanduku lingine, matundu tofauti, kisha wakaniuliza kwani zinaonekana wapi zikishafungwa. Bei inatajwa kwa dola. Ukitaka kulipa franga, wanakupigia kiwango chao, kisichojulikana kwa wabadilisha pesa wa barabarani. Ukitoa dola, wanaigeuza kwenye mwanga kutafuta mpasuko, na ikiwa na alama ya kalamu tu wanairudisha. Tangu benki zifungwe hapa Januari 2025, noti ni zilezile zinazozunguka mkononi, zinachakaa kila siku, na mnunuzi ndiye anayelipia uchakavu huo. Garanti? Ukivuka kizingiti imekwisha.

Kinachoniudhi zaidi ni silenbloki. Mpira ule na kibomba chake ni pyesi ndogo, na ukibadilisha hizo mapema unaokoa amortisa nzima. Waulize: "Peke yake hakuna, chukua jozi." Wanajua wanachofanya.

Kwa hiyo mimi naenda kwa turnere, fundi wa kuchonga chuma kwa mashine. Akiwa na mashine nzima na kipande cha chuma, anakutolea kibomba kinachokikaa kishikizo chako hata kama kimelika, kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na jozi mpya. Mpelekee pikipiki yenyewe apime vishikizo vyote vinne kwa mkono wake, usimtajie namba kutoka kichwani, kwa sababu kwenye pikipiki nzee vinne hivyo havifanani. Mwambie aache kibomba kitokeze kidogo kila upande. Na rondeli (washa) za zamani, zile pana, ziweke mfukoni mwako kabla fundi hajaanza kukaza, maana zikianguka kwenye mawe ya kando ya barabara anafunga bila hizo na hakuambii.