Kadi za kafara kwa deki ya Commander: soma kabla ya nukta mbili ndo utoe hela

Malalamiko yamekuwa mengi hapa Kigoma mpaka nimeona niandike. Watu wa meza yetu ya Mwanga na wale vijana wanaopanda kutoka Ujiji, wengi wamenunua kadi za kafara za mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, yaani kadi za kuua kiumbe chako mwenyewe ili upate kitu, kwa kuangalia picha, mashetani na visu na damu, halafu zikifika mezani hazifanyi kitu, mtu amekaa na kadi zake anatazama wenzake watatu wanabomoa kila alichojenga, anaondoka anasema mambo ya kafara ni kupoteza hela. Sio kweli jamani. Kafara ndo deki tamu kuliko zote kwenye Commander, ile Magic ya meza ya watu wanne, ila watu wananunua kadi zisizofaa kwa meza ya watu wanne.

Sitaeleza rangi nyeusi ni nini wala kwa nini deki ina kadi 100 na kila mtu anaanza na laifu 40, hayo mnayajua. Nataka tuongelee kitu kimoja ambacho muuzaji hakwambii na hata waliocheza miaka mingi wanakiruka, ile nukta mbili katikati ya maandishi ya kadi.

Kilicho kabla ya nukta mbili ni malipo, kilicho baada yake ndo unachopata. Na malipo hayajibiwi. Ukishasema namtoa huyu kafara, ameshaenda kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zako zilizokufa, hakuna wa kukukatiza hapo. Sasa mtu anakutupia Swords to Plowshares kwenye kiumbe chako ili kitoke nje ya mchezo kabisa kisirudi, wewe unajibu kwa kukitoa kafara, kadi yake inakosa shabaha inaishia hewani, na kiumbe chako kiko kaburini unakojua njia ya kukirudisha. Mtu anataka kukuibia kiumbe kwa Control Magic, unakitoa kafara. Mtu anashusha Farewell ya kufuta meza nzima, unatoa kafara vyote kimoja kimoja na kila kimoja kinamng'ata mtu kikiondoka. Hiyo ndo raha yote ya deki hii. Lakini inawezekana tu kama kabla ya nukta mbili hakuna kitu kingine zaidi ya "Sacrifice a creature".

Ukiona hapo kuna mana, ile nguvu ya kulipia kadi unayoipata kwenye ardhi zako, simama. Vampiric Rites inashuka kwa mana moja, watu wanaipenda kwa sababu inachota kadi, ila kila kafara inataka mana mbili. Attrition inataka mana nyeusi kila mara. Evolutionary Leap inataka ya kijani. Kwenye mchezo wa watu wawili unaweza ukavumilia, lakini meza ya watu wanne zamu tatu zinapita kabla ya yako, mana yako umeshaitumia kwenye zamu yako, na hapo ndo wanakuja wote. Kadi ya kafara inayodai mana ni jiko la mkaa ulioloa, lipo jikoni lakini chai hunywi. Ukiona alama ya kulaza kadi nayo ujue ni mara moja tu mpaka zamu yako irudi, ndo maana High Market mimi naiweka kama ardhi ya akiba na sio tegemeo.

Neno la pili la kutafuta kabla ya nukta mbili ni "another". Woe Strider ni nzuri, inakuja na mbuzi wake kabisa, hadai mana, ila inatoa kafara wengine tu, yenyewe haiwezi kujitoa, kwa hiyo mtu akiiiba imeondoka. Yawgmoth, Thran Physician naye ana "another" na anadai laifu moja kila kafara, ila laifu tunazo 40 na kila kafara inachota kadi kwa hiyo huyo namsamehe.

Haya, kama unanunua leo nunua kwa mpangilio huu.

Viscera Seer kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mana moja nyeusi, hana masharti, anaweza kujitoa mwenyewe, na kwa sababu hana alama ya kulazwa anafanya kazi zamu hiyohiyo aliyoshuka. Kila kafara unachungulia kadi ya juu ya deki, unaiacha au unaipeleka chini, ukiwa na tokeni nyingi, yaani viumbe visivyo kadi vinavyotengenezwa na kadi nyingine, unachimba mpaka unapata unachotaka. Na ni kadi ya kawaida kabisa, ilitoka kwenye Magic 2011 na imechapishwa tena mara nyingi, kwa hiyo mtu akikuambia ni adimu anakudanganya mchana kweupe. Carrion Feeder anamfuata kwa karibu, hawezi kuzuia mashambulizi lakini anakua kwa kila kafara anayoila, na ni Zombie, hilo la Zombie mlikumbuke.

Halafu Ashnod's Altar. Mana tatu, ni kifaa sio kiumbe kwa hiyo Wrath of God haikigusi, na kila kafara inakurudishia mana mbili zisizo na rangi. Ndugu yake Phyrexian Altar inatoa mana moja ya rangi yoyote na hapo ndo balaa linapoanza, maana ukiwa na Gravecrawler na Zombie mwingine mezani, unamtoa Gravecrawler kafara, unapata mana nyeusi, unamchezesha tena kutoka kaburini, unamtoa tena, bila mwisho. Ndo maana bei yake iko juu vile. Mimi nasema anza na Ashnod, hiyo nyingine subiri wachapishe tena, maana kadi iliyotoka mwaka 2000 kwenye Invasion na kila mtu anaitaka haipaswi kuwa ya kuchapwa kwa kubaniwa hivi, inaumiza sana sisi tulio mbali ambao kila kadi tunaongezea usafiri juu.

Kama una nyekundu, Goblin Bombardment haina mjadala. Mana mbili, hadai kitu, pigo moja popote unapotaka.

Sasa kadi za kung'ata, zile zinazopunguza laifu ya wapinzani kiumbe kikifa, na hapa tena ni hesabu ya watu wanne. Kila mtu ananiambia Blood Artist, Blood Artist. Sikatai ni kadi nzuri na inahesabu hata viumbe vya wengine vikifa, ila soma vizuri, kila kifo kinamnyonya mchezaji mmoja laifu moja. Zulaport Cutthroat anahesabu viumbe vyako tu lakini anawanyonya wapinzani wote kwa pamoja. Wapinzani watatu wana laifu 120 jumla. Kwa Blood Artist peke yake unahitaji vifo 120, kwa Zulaport vifo 40. Mimi sina cha kuongeza hapo. Nunua Zulaport, halafu Bastion of Remembrance inayofanya kazi ileile ila sio kiumbe kwa hiyo haifi ovyo na inakuja na askari wake mmoja, halafu ndo Blood Artist.

Mayhem Devil nampenda waziwazi na sitaomba radhi. Mchezaji yeyote akitoa kafara kitu chochote, chake au chako, Devil anapiga moja popote. Siku hizi kila meza imejaa Treasure, tokeni za hazina unazotoa kafara upate mana, mtu anavunja tatu, anakula mapigo matatu. Watu wanaanza kuogopa kutumia hela yao wenyewe!

Kadi za kumlazimisha mpinzani atoe kafara, hapo napita haraka. Diabolic Edict achana nayo, ni ya mtu mmoja na atakutolea kitokeni chake cha hovyo. Fleshbag Marauder na Plaguecrafter zinagusa meza nzima, nzuri. Kati ya Grave Pact na Dictate of Erebos nachukua Dictate, ni mana tano ndiyo, lakini unaishusha kwenye zamu ya mtu mwingine, wakati Grave Pact inataka nyeusi tatu na ikikaa mezani mzunguko mzima watu watatu wanaungana dhidi yako, nimeiona hiyo mara nyingi mno.

Za kuchota kadi ni Village Rites na Deadly Dispute, na Skullclamp kama unaipata, ile iliyofungiwa kwenye Standard, Magic ya kadi mpya tu, mwaka 2004 na bado inaruhusiwa Commander. Komanda, yaani kiumbe kiongozi wa deki, nashauri Teysa Karlov, kila kifo chako kinahesabiwa mara mbili. Korvold, Fae-Cursed King anachota kadi kama hana akili nzuri ila hana njia yake ya kutoa kafara wakati wowote, ukimchukua bila Seer na Altar utateseka.

Za bei ya chini kabisa: Altar's Reap, Reassembling Skeleton. Na kuna wanaochapisha karatasi steshenari wanaweka mbele ya kadi ya zamani, mezani kwetu tunaruhusu kwa kujaribia.

Sasa wauzaji. Hapa kwetu kadi zinakuja kwenye begi la mtu kutoka Dar, na kila mkono zinapopita bei inapanda, hilo nalielewa, nauli ni nauli. Nisichoelewa ni mtu kukutumia picha aliyoitoa mtandaoni badala ya kadi yenyewe, ukishalipa inakuja kadi ina kona zimeliwa au ni feki kabisa. Kadi feki inakuharibia siku mezani maana unene wake ni tofauti, ukichanga karata mkono wa jirani unaihisi. Kadi adimu zilizotoka kuanzia Magic 2015 zina muhuri mdogo wa kung'aa chini katikati, usipoona muhuri uliza. Na nyuma ya kadi, kwenye kile kiduara cha kijani, ukiwa na lenzi unaona vitone vinne vyekundu vimekaa mfano wa herufi L, feki nyingi hapo zinakosea.

Halafu hii tabia ya kusukumia watu kadi za kung'aa kwa bei ya juu, kwa hapa Kigoma inanikera kupita maelezo. Sisi tuko ziwani, msimu wa mvua hewa ina maji, karatasi ya kadi inavuta unyevu na ile ngozi ya kung'aa haivuti, kadi inapinda. Kadi iliyopinda kwenye deki inajulikana kabla hujaichota, huo tayari ni ugomvi. Nunua zisizong'aa. Na uziweke kwenye vifuko vya Dragon Shield vya mati, boksi moja lina 100 yaani deki yako imeenea hapohapo, kuna vya bei ndogo zaidi lakini deki ya kafara kadi zinaenda kaburini na kurudi siku nzima, vifuko vyepesi vinapasuka pembeni mapema.

Kabla hujatuma hela mwambie muuzaji apige picha kadi yenyewe mbele na nyuma, pembeni yake karatasi yenye tarehe ya leo. Akianza kusema hana muda, tafuta mwingine, hata kama ni Phyrexian Altar.