Kruasani: ya siagi au ya majarini?

Kwenye kabati la kioo la duka la mikate, kruasani hizi mbili, vitafunwa vya unga uliokunjwa na mafuta mpaka ukafanya matabaka membamba, zaweza kufanana kama mapacha. Zinaachana mdomoni. Siagi huyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35 hivi, chini ya joto la mwili, kwa hiyo ladha yake hutandaa ulimini kisha ikaondoka safi. Majarini ya kukunjia unga huhitaji joto zaidi, ndiyo maana huacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Waokaji huipendea unafuu, na siku ya joto haiwasumbui. Mimi ni wa siagi, bila kusita. Ipasue katikati: ganda linalia, chembe zinamwagika, na ndani unaona vitundu kama sega la nyuki. Ila uile asubuhi hiyo hiyo.