Kabati la mama mkwe: makopo niliyoyajaribu juu ya laka kuukuu

Kopo lililonifurahisha kuliko yote ni lile ambalo kazi ikiisha halionekani kabisa. Ni praima (rangi ya kwanza inayoshikilia zile za juu) ya shelaki, yaani utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti: Zinsser B-I-N. Rangi za juu nitazifikia, lakini kama pesa yako inatosha kopo moja tu la maana, iweke kwenye praima, kisha hiyo rangi ya juu tafuta ya bei ya kawaida.

Kazi yenyewe ilikuwa kabati la vyombo la mama mkwe, mahogani iliyopakwa laka kiwandani zamani, ile ngozi ngumu inayong'aa juu ya mbao. Yeye alilitaka jeupe. Mke wangu akasema ni dhambi kuzifunika mbao zote. Wakasikilizana wenyewe: mwili na milango vipakwe rangi, uso wa juu ubaki mbao. Mimi nikaachiwa brashi.

Kabla ya kununua chochote, jua kilichopakwa pale mwanzo. Nyuma ya mguu, pasipoonekana, gusa kwa pamba yenye spiriti. Ikianza kunata, hiyo ni shelaki. Isiposhtuka, gusa pembeni kwa thina ya laka. Ikilainika papo hapo, una laka. Vyote viwili vikishindwa, uwezekano mkubwa ni poliyurethani, vanishi ya jamii ya plastiki, au vanishi nyingine ngumu ya kiwandani. La kwetu lililainika kwa thina: laka ya nitroselulosi, jamii ileile iliyoanza kupakwa magari miaka ya 1920. Hapo ndipo unajua kwamba rangi yoyote inayochanganywa kwa thina kali itaitafuna laka ya chini, na uso utajikunja mbele ya macho yako.

Jambo la pili ni polishi. Dawa nyingi za kung'arisha fanicha zina silikoni, na rangi ikikutana na silikoni inakimbia na kuacha vishimo vya duara, vile mafundi wanavyoita macho ya samaki. Nilifuta kwa tapentaini nikibadilisha kitambaa mara kwa mara, nikaosha kwa maji ya sabuni, kabati likakauka, ndipo nikapitisha msasa namba 220. Sikusugua mpaka mbao. Laka iliyoshika vizuri haina haja ya kung'olewa. Ondoa mng'ao tu ili kinachofuata kipate pa kung'ang'ania.

Sasa hiyo praima. Mahogani ina tabia ya kutoa wekundu wake, na rangi nyeupe inayochanganywa na maji huuvuta mpaka juu, kabati likabaki na madoa ya waridi hata ukirudia koti baada ya koti, yaani tabaka juu ya tabaka. Shelaki inafunga wekundu huo, inafunga mabaki ya silikoni, inafunga hata harufu ya droo za zamani. Inashika juu ya laka, na karibu kila rangi inashika juu yake. Kopo linasema koti la pili baada ya dakika 45, na ni kweli. Kasoro zake? Ni nyepesi kama maji, inachuruzika kwenye kona, na ukirudisha brashi mahali palipoanza kukauka inaburuta na kuacha mistari. Harufu ya spiriti ni kali, kwa hiyo fungua madirisha na zima moto wowote ulio karibu. Brashi inasafishwa kwa spiriti au maji yenye amonia. Maji matupu hayaifanyi kitu.

Rangi ya chaki, ile aliyoianzisha Annie Sloan mwaka 1990, inasifiwa kwamba haihitaji msasa wala praima. Kushika inashika, na rangi zake zina upole ninaoupenda. Ila wekundu wa mahogani haiuzuii, na ukiimalizia kwa nta, nta hiyo haipendi sahani na sufuria zenye joto na inataka kupakwa upya kila inapochakaa. Ukichoka nayo, lazima uitoe nta yote kabla ya kupaka kitu kingine. Kwa kabati linalofunguliwa kila mlo, hapana.

Rangi ya mafuta inajitandaza vizuri kuliko zote, alama za brashi zinapotea zenyewe, na ikikauka ni ngumu. Tatizo ni nyeupe. Inageuka njano, na inageuka haraka zaidi gizani, yaani ndani ya kabati hasa. Kwa kijani iliyokolea ningeichagua bila kufikiri.

Kuhusu rangi ya kuta iliyobaki stoo, ile ya maji: iache hukohuko stoo. Inabaki na unato hata ikionekana kavu, na mlango utashikana na fremu.

Niliyoimalizia ni rangi ngumu ya maji iliyotengenezwa kwa milango na fanicha, mchanganyiko wa akriliki, gundi ya rangi za maji, na alkidi, gundi ya rangi za mafuta. Haijitandazi kama ya mafuta, lakini kwa rola ndogo ya sponji na makoti membamba uso unatulia. Usidanganywe na kukauka kwake: saa chache inagusika, ila ugumu wake kamili unataka kama mwezi. Mama mkwe ameshaanza kuuliza sahani zinarudi lini.

Uso wa juu ulikuwa na pete nyeupe za glasi na sehemu zilizobanduka, kwa hiyo hapo laka niliitoa yote kwa thina na kitambaa. Kurudishia laka mpya ndiyo njia ya kitaalamu, kwa sababu kila koti huyeyuka kidogo na kuungana na la chini, na ukiharibu unarekebisha pale pale. Lakini inataka kupulizwa, na siku yenye unyevu hewani inafanya ukungu mweupe. Nilichukua poliyurethani ya mafuta, nikaizimua kidogo kwa tapentaini na kuipaka kwa kitambaa. Inakauka polepole, inaokota kila vumbi la nyumba, na inaongeza umanjano. Juu ya mahogani umanjano huo ni pambo. Kati ya koti na koti, msasa 320. Makoti ya chini tumia yenye mng'ao, la mwisho ndiyo iwe ya mng'ao hafifu, na hiyo koroga mpaka chini ya kopo maana unga unaoipunguzia mng'ao hutuama. Koroga, usitikise, utaingiza mapovu. Vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke. Ukivikusanya vinaweza kushika moto vyenyewe.

Rangi ya chaki imebaki nusu kopo. Kuna fremu ya kioo inayoingoja.