Kamshafti za kuongeza nguvu: ipi ununue ukiwa Mwanza

Niseme mapema: kama una IST au Vitz ya 1NZ-FE na unasoma hapa kwa sababu gari limekuwa zito mlimani, usinunue kamshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu. Injini hiyo ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufungua valvu, upande wa kuingiza hewa, inajirekebisha yenyewe, na ikichoka mara nyingi chanzo ni oili iliyopitiliza muda, kichujio kidogo cha valvu ya oili kilichoziba, au cheni iliyolegea. Pima kompresheni, badilisha plagi, safisha throtoli. Hela itakayobaki weka kwenye matairi.

Mwongozo huu ni wa wenye injini za zamani zinazokubali kuchezewa, hasa 4A-GE ya Toyota ya valvu 16. Ndiyo niliyonayo, na ndiyo niliyokosea nayo.

Kosa lenyewe ni hili. Kamshafti za kiwandani za 4A-GE ni za digrii 240, yaani valvu inakaa wazi kwa digrii 240 za mzunguko wa kranki. Mimi nikaagiza za digrii 272 kwa sababu namba ilikuwa kubwa na boksi lilikuwa zuri. Zikafungwa, gari likanguruma vizuri ajabu, vijana wa bodaboda wakageuka. Siku ya pili nikapakia watu wanne kupanda kilima cha Bugando. Gia ya pili ilikataa, nikarudi ya kwanza, nyuma daladala inapiga honi. Fundi wangu, aliyekuwa kiti cha mbele, akasema taratibu, "Kaka, hapa umenunua kelele."

Sababu si uchawi. Kamshafti ndefu, yaani ya digrii nyingi, inachelewa kufunga valvu ya kuingiza hewa. Injini ikizunguka polepole, pistoni inapopanda inasukuma sehemu ya hewa irudi ilikotoka, na mgandamizo unapungua. Ikizunguka haraka, kasi ya hewa yenyewe inaijaza silinda, ndipo faida inaonekana. Sasa ongeza jambo ambalo wauzaji hawakuelezi: ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inakuwa imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu kabla hujagusa kitu. Kamshafti aliyoisifia mtu wa Dar, huku itakuwa mvivu zaidi mizunguko ikiwa chini. Mji wenyewe ni vilima, mawe na foleni ya Buzuruga. Nguvu ya kuanzia mizunguko 5,000 kwa dakika utaitumia wapi?

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza, bila kusita, ni jozi mpya ya digrii 256. Inakubali springi za kiwandani kama bado ni nzima, inakubali kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani, na gari likisimama linanguruma karibu kama zamani. Juu ya mizunguko 4,000 utaisikia ikivuta. Ndiyo iliyomo kwenye gari langu sasa.

Ya pili ni 264, kwa mtu ambaye safari zake ni za barabara ndefu, tuseme Shinyanga au Musoma kila wiki, na mjini anaingia kulala tu. Hapo nunua pamoja na puli za kurekebisha muda wa kamshafti, maana bila puli hizo huna njia ya kuihamishia nguvu unakotaka.

Ya tatu ni kusagisha upya kamshafti zako za asili. Ni rahisi kuliko mpya, na kazi ikifanywa na mtu mwenye mashine na vipimo hakuna ubaya. Lakini chuma kinapunguzwa mgongoni, kwa hiyo utahitaji shimu (visahani vya kurekebisha uwazi kati ya nundu na valvu) nene zaidi, na tabaka gumu la juu linaweza kuisha. Usikubali akuambie "nimesaga kwa kukadiria".

Ya mwisho ni 272 kwenda juu. Hizo ziache kwa gari la mashindano lenye kompresheni iliyoongezwa, springi ngumu na kontroli boksi iliyopangwa upya. Valvu zikiinuliwa sana, shimu zinazokaa juu ya tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu, zinaweza kuruka, na ikiruka moja kwenye mizunguko ya juu utaokota vipande.

Swali moja la kumuuliza muuzaji yeyote: digrii hizi zimepimwa kuanzia wapi? Wengine wanahesabu valvu inapoanza tu kusogea, wengine baada ya kuinuka kama milimita moja. Kamshafti ileile inaweza kubeba namba mbili tofauti kabisa. Anayeuza kitu halisi atakupa kadi yenye digrii, kimo cha kuinua na uwazi wa valvu. Asiye na kadi, mshukuru uondoke.

Kwenye bajeti usiandike kamshafti peke yake. Weka oili sili, gasketi ya kifuniko cha valvu, mkanda wa taiming na shimu. Shimu ndizo zinazowachosha watu, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Uwazi wa kiwandani wa 4A-GE injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.20 hadi 0.30 upande wa kutoa. Kamshafti mpya zinafuata kadi yake. Chukua daftari, chora mistari 16. Ukipima kwa fila ukapata 0.35, unataka 0.20, na shimu iliyopo ni 2.60, basi unahitaji 2.75. Unajumlisha ziada, basi. Fundi anayesema "nasikia kwa sikio" muache na sikio lake.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili, kisha fungua upime udongo uliobaki pale valvu ilipogusa. Milimita moja na nusu ni kidogo kwa upande wa kuingiza. Upande wa kutoa taka zaidi ya hapo. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuogopa gasketi ya hedi. Valvu zilizopinda ni ghali kuliko gasketi.

Siku ya kuwasha paka grisi ya kamshafti, usiache injini ingurume chini. Ishike karibu mizunguko 2,000, kwa muda wa dakika kama ishirini, huku ukitazama presha ya oili. Baadaye ndiyo uchezee puli. Ukiwahisha kamshafti ya kuingiza unapata nguvu chini, ukiichelewesha inahamia juu. Sogeza digrii mbili tu kila mara, halafu ujaribu mlima uleule na abiria walewale. Kanyaga na breki pia: kamshafti ndefu inapunguza mvuto unaolisha busta ya breki, pedali ikawa ngumu gari likiwa limesimama.

Na mtumba? Jozi za asili kutoka Gerezani, Dar, zinakuja kwa basi hadi Nyegezi, zimefungwa magazeti. Sijaziweka kwenye mpangilio kwa sababu kila jozi ina hali yake. Zifungulie palepale stendi, pitisha ukucha kwenye kila nundu. Ukucha ukikwama, au ncha ya nundu imepata ubapa unaong'aa, mpigie muuzaji kabla basi halijageuza kurudi Dar.