Kipima-urefu cha leza katika msitu mkongwe wa Amani: uzoefu wangu

Nimekuwa nikitumia Nikon Forestry Pro II katika hifadhi ya Amani, Usambara Mashariki, hasa kwenye vitalu vya zamani vya bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambako miti ya kupandwa na ya asili imesongana na kufunikwa na mitambaazi, hata ni nadra kuona kitako na kilele cha mti mmoja kwa pamoja.

Kifaa ni chepesi, kinatumia betri moja ya CR2, na kinaonyesha jibu ndani ya lenzi na pia kwenye kioo cha ubavuni. Thamani yake kubwa, hata hivyo, ni kwamba kinamwachia mpimaji uchaguzi wa njia ya kukokotoa urefu.

Njia ya nukta tatu inavutia sana vichakani: unapima umbali hadi sehemu ya shina inayoonekana, kisha kitako na kilele unavilenga kwa pembe tu. Lakini hesabu yake inachukulia kwamba kilele kiko wima juu ya shina, na mti mkongwe wa mnyasa wenye matawi yaliyotanda hauko hivyo. Tuseme shina liko mita 30 kutoka kwako, na ncha ya juu kabisa, iliyo mita 40 juu ya jicho lako, imekuelekea kwa mita 5. Kifaa kitahesabu mita 48, yaani mita 8 ambazo mti hauna.

Kwa njia ya nukta mbili, leza inapima umbali hadi kitako na hadi kilele chenyewe, kwa hiyo ukigonga tawi la chini zaidi utapata urefu pungufu, wala si wa kuzidi. Mimi huweka kifaa kwenye hali ya kupendelea lengo la mbali ili majani ya karibu yasiikatize leza, huzunguka kutafuta upenyo, narudia vipimo, na kubaki na kile kikubwa kuliko vyote. Kazi hii ni ya polepole, na mti mmoja wa mtambara unaweza kumaliza asubuhi nzima, lakini miti hii inastahili takwimu za kweli. Hata ule mti wa mkukusu wa Kilimanjaro wa mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika, ulihitaji leza.

Kwa shamba la misaji iliyonyooka, klinomita (kipima-pembe cha mkononi) na futi ya utepe vinatosha. Kwa msitu wa namna ya Amani, ninakipendekeza kifaa hiki bila kusita.