TAHADHARI: hita "inayokula uniti moja na kutoa sita"

Wenye gesti na saluni, msitume kianzio bado. Kuna jamaa anazunguka na hita ya maji ya majaribio, anadai ukiilisha uniti moja ya LUKU inakurudishia joto la uniti sita. Juzi alinifanyia onyesho, na nusura nimtumie laki tano.

Onyesho lenyewe tamu. Maji yanaingia, mvuke unatoka kwenye mpira, kipimajoto kinasoma 100. Anapiga hesabu kana kwamba maji yote yaliyoingia yamegeuka mvuke. Mchezo uko hapo. Kilo moja ya maji ya nyuzi 20 ikifika nyuzi 100 imekula kilojuli kama 335. Kuigeuza yote mvuke kunadai nyingine 2,257. Basi hita ikitema maji ya moto yenye mvuke kidogo, nawe ukaandika "mvuke", joto limeongezeka karibu mara nane kwa kalamu tu. Kipimajoto hakimuumbui, maana maji yanayochemka na mvuke wake vyote husoma 100. Nikamwomba tuchovye ule mpira kwenye ndoo ya maji baridi niliyoipima kwa mizani, tuone joto halisi linaloingia kwenye ndoo. Ghafla akawa na safari ya Dodoma!

Swali hili si geni. Mwaka 2011 Andrea Rossi alionyesha Bologna, Italia, E-Cat yake, mtambo aliodai unatoa joto kuliko umeme unaokula, na wakosoaji wakauliza: mvuke huo mkavu, au umebeba maji? Kampuni ya Marekani, Industrial Heat, ilimlipa dola milioni 11.5. Mwaka 2016 akaishtaki akidai milioni 89 zaidi, yenyewe ikasema joto lililoahidiwa haikulipata. Wakamalizana 2017.

Msichanganye na pampu ya joto. Hiyo ipo kweli na yaweza kutoa mara tatu, ila inavuta joto la hewa, ndiyo maana upande wa pili inapuliza baridi. Huyu anasema yake haivuti popote.

Akija kwako, zima kila kitu ndani, mwambie apashe lita 20 zipande nyuzi 50. Hapo panahitajika uniti 1.17. Ya kwake, kama ni kweli, itakula 0.2 hivi. Soma mita yako, si kile kidude anachotembea nacho.

Ndoo na mizani bado viko barazani kwangu. Akirudi kutoka Dodoma nitawaambia imesoma ngapi.