Simulateri ya ndege pale Himbi: mupeleke batoto, lakini bwana, mutie pedali

Jumamosi yenye ilipita nilipeleka mutoto wa dada yangu mu ile sale ya simulateri ya ndege (mashini ya kujifunzia kuruka bila kutoka chini) huku Himbi, hapa Goma, iko na miaka 14 na tangu mudogo anasemaka atakuwa piloti, njo nikasema heri aone kwanza ile kazi inafananaka aje. Tulilipa dola 3 kwa nusu saa, mutu mumoya. Ni chumba kimoya tu, ekrani tatu zimeunganishwa, kiti, manshi ya kweli ya chuma (ule muti wa kuongoza ndege), na moniteri, ule mwenye kufundisha, anakaa kando yako. Picha ni safi, haikwamekwame, umeme ukikatika grupu inawaka mbio.

Mimi nilizania batatupatia yale ma ndege makubwa yenye tunaonaka yanapita juu ya manyumba. Hapana. Moniteri akatuwekea Stampe SV.4, ndege ndogo ya zamani ya mabawa mbili, ya juu na ya chini, zimefungwa na vyuma na nyaya, viti viwili vinafuatana, juu ni wazi, upepo unakupiga mu uso. Babeleji njo walitengenezaka ile kule Antwerpen, iliruka mara ya kwanza mwaka 1933, na kisha vita ya pili basoda wao walikuwa wanajifunzia kuruka ndani yake, halafu banaendelea na Harvard, ndege ingine ya kujifunzia yenye nguvu zaidi, na miaka ya 1950 ile masomo ya Harvard ilikuwa huku kwetu Congo, ku kambi ya Kamina. Mutoto alifungua macho aliposikia Kamina, alizania mambo ya mapiloti ni ya Ulaya tu.

Sasa zoezi. Unapaa, ukifika kama mita 90 moniteri anazima moteri, na anyamaze. Basi. Haseme kitu, anakuangalia tu.

Mimi nikafanya kile kila mutu angefanya: piste iko nyuma yangu, nageuka nirudi. Nikalalisha ndege, nikavuta manshi kwa sababu niliona ardhi inakuja, pua ikapanda kidogo, halafu bawa moya likaanguka kama mutu amekata kamba, na tukapiga chini na kichwa. Sekunde ngapi? Sikuhesabu, lakini mbele nimalize kusema "Mungu wangu" ilikuwa imekwisha. Nikaomba tena, nikaanguka tena. Mikono ilikuwa na jasho kabisa.

Njo moniteri akatuelezea, na hapa njo nasema ile dola 3 nililipa vizuri. Ndege ya mabawa mbili, na zile nyaya zote, upepo unaikamata sana, moteri ikifa mwendo unaisha papo hapo kama baiskeli ku mulima ukiacha kukanyaga. Kitu cha kwanza ni kushusha pua, hata kama roho yako inakatala. Na ukigeuka ndege imelala digri 45, ule mwendo wa chini kabisa wenye unaishika hewani unapanda 19 kwa mia, ukilalisha 60 unapanda 41 kwa mia, kumbe wewe mwendo hauna! Tena kurudi si kugeuka nusu duara tu, kwa sababu ukimaliza nusu duara uko kando ya piste, inabidi ugeuke tena. Kwa mita 90 haitoshe. Njo maana banafundisha bapiloti: shuka mbele, fasi yoyote yenye iko mbele yako, kidogo kushoto ao kuume.

Nikamuuliza, na hapa Goma? Mbele ni manyumba. Akatuwekea piste ya Goma. Hapa tuko karibu mita 1,550 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, moteri kama ile inapoteza karibu 15 kwa mia ya nguvu, na mutoto alisikia mwenyewe ndege inapanda na uvivu. Lakini aliianzia mwanzo kabisa wa piste, si katikati, basi moteri ilipokufa piste kipande kikubwa kilikuwa kingali mbele yake. Akasukuma pua chini, akangoja, akaishusha. Ikaruka-ruka mara mbili, ikasimama. Mutoto hakupiga hata kelele, alikaa kimya anashika manshi.

Siye batu ya huku tunajua ndege kuanguka mu kupaa ni kitu gani. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa hapa Goma ikaingia mu kartie ya Birere. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2019 ndege ya Dornier 228 ya kwenda Beni ikaanguka mu kartie ya Mapendo dakika kidogo kisha kupaa, bakakufa bale walikuwa ndani na bale walikuwa kwao banajikalia. Sisemi zile zilianguka juu ya kugeuka, zile zilikuwa mashini zingine na mambo yao mengine. Lakini nilipoona yale mapaa ya mabati mu ekrani, roho iliniuma.

Kile hakikunipendeza: pedali za miguu hazikuwa. Usukani wa mukia banauongoza na kifungo cha manshi, na kwa ndege kama hii ni kosa kubwa, kwa sababu ikiwa ku ardhi inavuta kando na miguu njo inaishika, tena hewani miguu isipofanya kazi vizuri njo ile bawa moya inaanguka kabisa. Moniteri mwenyewe alikubali. Tena zamu, balituandika saa 9 tukaingia saa 10 na nusu, hakuna mutu wa kuomba radhi.

Pointi 4 kwa 5. Muende asubui, batu ni bachache, na muombe ile zoezi ya moteri kufa, bila kuomba anakutembeza tu juu ya ziwa. Mutoto ananiuliza kila siku kama pedali zimefika.